Gari la Manyuo Linapokusumbua Ukijifunza: Ni Mguu au Ni Chuma?

Anayejifunza gari la manyuo, yaani la kubadilisha gia kwa mkono, akikwama huwa na majibu mawili tu: ama yeye ni mzito wa kuelewa, ama gari ni bovu. Nimekaa kiti cha pembeni na wanafunzi wengi, na nimeona watu wakiumizwa na majibu yote mawili. Mmoja aliacha mafunzo akiamini hana kipaji, kumbe waya wa klachi ulikuwa umelegea na hata mimi gia zilikuwa zinanipa taabu. Mwingine alibadilisha diski ya klachi kwa gharama kubwa, na tatizo likabaki palepale, kwa sababu kiti chake kilikuwa nyuma mno na mguu haukufika chini.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeipanga hivi: kwanza sababu za mguu na mkono, ambazo ndizo nyingi, kisha za gari, na namna ya kutofautisha. Njia fupi kuliko zote ni kumpa dereva mzoefu gari hilohilo, mahali palepale, kwa dakika tano. Tatizo likimpata naye, usijilaumu tena. Peleka gari kwa fundi.

Kabla ya dalili yoyote: kiti, mkeka na viatu

Kaa, egemea vizuri, kisha kanyaga pedeli ya kushoto, ambayo ndiyo ya klachi, mpaka igote chini. Goti libaki limekunjika kidogo na mgongo usiachane na kiti. Ukilazimika kujivuta mbele ili pedeli imalizike, sogeza kiti. Angalia pia kama mkeka umejikunja chini ya pedeli. Sentimita moja ya mkeka inatosha kuizuia klachi isikatike yote. Vaa viatu vya soli nyembamba vinavyoshika mguu. Ndala zinateleza, na siku moja itanasa chini ya pedeli ya breki.

Uelewe na kinachotokea kule mbele. Injini inazungusha gurudumu zito la chuma, flaiwili. Diski ya klachi inabanwa kwenye flaiwili hiyo kwa nguvu za springi, na ndiyo inayopeleka mzunguko kwenye gia boksi. Ukikanyaga pedeli, diski inaachiliwa. Injini inazunguka peke yake. Ukiinua mguu, diski inaanza kugusa. Pale inapoanza kushika ndipo tunapoita balansi, na karibu kila dalili utakayosoma hapa inahusiana na namna ulivyopita pale.

"Linazima kila nikiondoka"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa kila mtu. Wanafunzi huambiwa "achia klachi taratibu," nao wanatii: wanainua polepole kutoka chini, gari linaanza kusogea, wanapata faraja, na palepale mguu unaruka juu. Ni hapo linapozima. Sehemu ya chini ya pedeli haina kazi kubwa, unaweza kuipita upesi. Penye balansi ndipo mguu unapaswa kuganda. Gari likianza kusogea, shikilia hapohapo, hesabu moja, mbili, ndipo umalizie kuachia.

Zoezi lake: tafuta uwanja tambarare usio na watu wala magari. Injini iwe imepata moto. Ingiza gia namba moja, usiguse mafuta kabisa, inua klachi kidogo kidogo mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pua ya gari inainuka kidogo. Ganda. Gari litaanza kutambaa lenyewe. Kanyaga tena, lisimame kwa breki, rudia mara ishirini. Magari mengi ya sasa hujiongezea mafuta yenyewe yakihisi mzigo, hivyo yatatambaa bila kuzima. Gari lenye kabureta au injini ndogo sana huenda likahitaji kuguswa mafuta kidogo.

Ikiwa umelimudu zoezi hilo na bado linazima barabarani, angalia kama kweli uko gia namba moja. Ya tatu mara nyingi iko jirani, na mkono wenye wasiwasi huivuta gia katikati. Rudisha nyutro, yaani mahali ambapo hakuna gia iliyoingia, sukuma kwanza upande wa namba moja, ndipo upandishe. Kisha angalia handibreki. Kisha angalia woga wa mafuta: injini ikiwa imetulia mshale wa mizunguko husoma takriban 700 hadi 900 kwa dakika, na kwa kuondoka kwa upole 1,500 inatosha. Usivuke 2,500, maana hapo unaichoma klachi.

Gari nalo lina makosa yake, ila yana alama. Likizima hata likiwa nyutro, au mshale ukichezacheza na injini ikitetemeka wakati hujagusa chochote, mguu wako hauhusiki. Inaweza kuwa plagi zimechoka, njia ya hewa imeziba uchafu, au kuna mpira unaovuta hewa pasipostahili. Hiyo ni kazi ya fundi.

Likikuzimikia barabarani fanya kwa mpangilio huu: breki, klachi, nyutro, washa, gia, ondoka. Ukiona hutawahi, washa taa za hatari. Honi za walio nyuma haziwezi kukufanya chochote; haraka yako ndiyo itakayozima gari mara ya pili.

"Linaondoka kwa kurukaruka"

Sababu kubwa ni mguu wa kulia unaoelea hewani. Gari likitikisika mguu unatikisika nao, unakanyaga na kuachia mafuta, na mtikisiko unazidi. Kisigino kikae sakafuni, vidole tu ndivyo vifanye kazi. Likianza kuruka usipambane nalo: kanyaga klachi, litatulia mara moja, anza upya. Sababu ya pili ni kutambaa kwenye foleni ukiwa gia ya pili na mwendo umeshuka mno. Rudi namba moja au tumia klachi.

Dereva mzoefu naye akipata mtetemo uleule penye balansi, shuku diski iliyolowa mafuta au mipira ya kushikilia injini iliyopasuka. Gari litatembea, lakini usilicheleweshe.

"Linarudi nyuma mlimani"

Karibu kila mara handibreki imeachiwa kabla klachi haijashika. Mpangilio ni huu: handibreki juu, gia namba moja, mafuta mpaka 1,500 au 2,000, inua klachi mpaka usikie mlio unakuwa mzito na gari linajikaza kama linataka kupanda. Mguu ugande. Sasa shusha handibreki. Kama balansi ni ya kweli, gari halitasogea popote, litasimama. Ndipo unaongeza mafuta na kumalizia kuachia. Likirudi hata kidogo, kanyaga breki na klachi, vuta handibreki, anza tena. Usijaribu kuliokoa kwa mafuta mengi, maana litaruka mbele kwa aliye mbele yako.

Baadhi ya magari hushikilia breki yenyewe kwa sekunde mbili hivi ukiwa mlimani. Ni msaada mzuri, ila jifunze bila kuutegemea, kwa sababu gari utakalopewa kesho huenda halina.

Kagua handibreki yenyewe. Kwenye mteremko mdogo, pasipo na mtu nyuma wala mbele, ivute, toa mguu kwenye breki huku ukiuweka tayari juu yake. Gari likisogea, au mpini ukipanda mpaka mwisho ndipo ushike, inahitaji kukazwa au pedi zake zimeisha. Usifanye mazoezi ya mlima na gari hilo hata mara moja mpaka litengenezwe.

Na tabia moja naomba uikatae mapema: kulishikilia gari mlimani kwa klachi na mafuta badala ya breki. Inaonekana ni ustadi. Diski inasuguliwa muda wote huo kama kitu kilichowekwa kwenye jiwe la kunolea.

"Gia zinasaga au hazitaki kuingia"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapochanganya makosa yao na ya gari.

Sababu ya kwanza ni klachi isiyofika chini. Rudi kwenye kiti na mkeka. Ya pili ni mkono kutangulia mguu. Unavuta gia wakati klachi ndiyo kwanza inashuka. Sema kwa sauti ukihitaji: klachi, gia, achia. Ya tatu ni nguvu. Ndani ya gia boksi kuna pete za sinkronaiza ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa vipande viwili kabla havijaumana, na zinahitaji muda mfupi. Shika mpini wa gia kwa kiganja, usiubane kwa ngumi, sukuma mpaka uhisi ukinzani mdogo, subiri, utaingia wenyewe. Anayelazimisha ndiye anayezimaliza pete hizo.

Rivasi, gia ya kurudi nyuma, ina mambo yake. Katika magari mengi haina sinkronaiza, kwa hiyo gari lisiposimama kabisa itasaga tu. Simama, kanyaga klachi, hesabu mpaka tatu, ingiza. Ikikataa, ingiza kwanza gia namba moja kisha rivasi. Au rudi nyutro, achia klachi, kanyaga tena, jaribu. Meno huwa yamekutana ncha kwa ncha, ukiyasogeza kidogo yanapata nafasi. Angalia pia kama mpini una pete ya kuinua au unatakiwa kubonyezwa chini. Kila gari lina desturi yake, na ramani ya gia zake imechorwa juu ya kichwa cha mpini.

Baada ya hapo, fanya jaribio hili ambalo halihitaji kifaa chochote. Zima injini, vuta handibreki, kanyaga klachi, pitisha gia zote. Kisha washa injini, ukiwa umekanyaga breki na klachi, rudia.

Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikasaga ikiwa inawaka, klachi haikatiki yote. Kwa gari la waya, waya umelegea au unataka kukatika. Kwa gari linalotumia mafuta ya haidroliki, kuna hewa ndani ya bomba au mafuta yamepungua. Kama haziingii hata injini ikiwa imezimwa, klachi haina kosa. Tatizo liko kwenye fimbo au waya za kuunganisha mpini na gia boksi, au ndani ya gia boksi yenyewe. Na kama ni gia moja tu inayosaga, mara nyingi ile ya pili, huku nyingine zote ni nzuri, basi pete ya sinkronaiza ya gia hiyo imeliwa. Unaweza kuendelea kuendesha kwa mkono wa polepole, lakini haitapona.

Mafuta hayo ya haidroliki unaweza kuyakagua mwenyewe. Fungua boneti, tafuta kikopo cha mafuta ya breki. Katika magari mengi klachi inakunywa kikopo hichohicho. Usawa wake uwe kati ya alama ya chini na ya juu. Ukiongeza, tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko peke yake. Mafuta ya injini humo ndani huvimbisha mipira na kuharibu mfumo wote, breki zikiwemo. Usiyamwage kwenye bodi, yanakula rangi.

Simama hapa: pedeli ya klachi ikizama na kubaki sakafuni, ikiwa laini kama sponji, au kikopo kikipungua kila siku chache, usiendeshe. Kuna mahali panavuja, na kama mafuta hayo ndiyo yanayotumikia breki, jambo si gia tena. Ita fundi aje lilipo, au livutwe.

"Nasikia harufu ya kuungua"

Harufu ya klachi ni kali, inakwaruza koo, inafanana na karatasi iliyochomwa ikachanganywa na mpira. Mwanafunzi kuisikia siku za mwanzo, hasa baada ya mazoezi ya mlima au ya kurudi nyuma, si msiba. Lakini ni taarifa ya kuheshimu. Egesha, zima, subiri dakika ishirini au thelathini. Ukiendelea kuisugua diski ya moto ndipo inapong'aa kama kioo na kupoteza kushika.

Tafuta chanzo kwa mpangilio huu. Je, handibreki ilikuwa imeshuka yote? Taa yake kwenye deshibodi wakati mwingine huzimika kabla breki haijaachia sawasawa. Je, mguu wa kushoto unapumzika juu ya pedeli ukiwa unatembea? Hii ndiyo tabia inayoua klachi kimyakimya. Uzito mdogo wa mguu unatosha kupunguza kubana kwa springi. Mguu huo una mahali pake pa kukaa, pembeni kushoto. Uweke huko kila ukimaliza kubadilisha gia. Je, kwenye foleni unatambaa na balansi mita kwa mita? Acha nafasi mbele yako ikue, kisha songa mara moja.

Harufu ikitoweka baada ya kupoa, sasa pima kama klachi bado inashika. Ukiwa na mwalimu, barabara tupu na tambarare, mwendo wa 50, gia ya nne, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukipanda haraka na mwendo ukabaki nyuma, diski inateleza. Klachi inayotunzwa hufika kilomita 100,000 na kuzidi, lakini nimeona iliyokwisha mapema sana kwa sababu ya mguu uliolala juu yake. Ikishaanza kuteleza haina dawa ya kienyeji. Panga kuibadilisha kabla haijakuacha katikati ya mlima.

Moshi ukitoka chini ya boneti au karibu na gurudumu, au harufu ikiwa ya petroli au ya plastiki, usidhani ni klachi tu. Zima gari, shusheni watu wote, kaeni mbali.

"Kuna kelele mguu ukigusa klachi"

Sikiliza ukiwa umesimama, nyutro, injini inawaka. Kelele ikitokea ukikanyaga pedeli na kupotea ukiachia, shuku beringi ya kusukumia klachi. Kinyume chake, ikisikika ukiwa umeachia na kupotea ukikanyaga, shuku beringi iliyo ndani ya gia boksi. Hakuna unachoweza kurekebisha mwenyewe, lakini ukimpa fundi taarifa hii unampunguzia nusu ya kazi. Kelele ya chuma kusaga chuma haingoji wiki ijayo.

"Injini inalia sana, au inagonga na kutetemeka"

Hili karibu lote ni uchaguzi wa gia. Kulia sana maana yake umechelewa kupandisha. Kutetemeka kwa mlio mzito maana yake umeharakisha, au umepunguza mwendo ukasahau kushusha gia. Kwa magari mengi ya petroli, ya pili inafaa kuanzia mwendo wa 15 hadi 20, ya tatu karibu na 35, ya nne karibu na 50, ya tano kuanzia 65 au 70. Vichukue kama mwanzo tu. Sikio litakufundisha zaidi ya mshale, na mlimani kila kitu kinashuka gia moja. Injini ikigonga hata kwenye gia sahihi, na hasa taa ya injini ikiwaka, simama.

"Linazima ninaposimama"

Umesahau klachi, au umeikanyaga umechelewa. Punguza kwa breki kwanza, na gari likikaribia kusimama, kabla halijaanza kutetemeka, kanyaga klachi. Baada ya kuambiwa hivyo wengine huenda upande wa pili: wanakanyaga klachi mita mia moja kabla, gari linaserereka bila kushikwa na injini. Ikiwa ni dharura, kanyaga breki kwa nguvu zote na usijali kuzima. Gari lililozima limesimama, na hilo ndilo ulilolitaka.

Na mteremkoni usiweke nyutro kwa kuamini unaokoa mafuta. Magari ya sasa yenye sindano za mafuta hukata mafuta yenyewe unapoteremka kwenye gia bila kukanyaga, hivyo huokoi chochote, na breki zinabeba uzito wote peke yake mpaka zinapata moto na kulegea. Kuzima injini ukiwa unateremka ni hatari zaidi: nguvu ya msaada ya breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga.

"Haliwaki kabisa"

Kanyaga klachi mpaka chini. Magari mengi ya manyuo hayawaki bila hivyo. Usukani ukiwa umejifunga, uchezeshe kidogo huku ukizungusha ufunguo. Taa za deshibodi zikififia au ukasikia mlio wa tik-tik tu, ni betri au vichwa vyake. Kabla ya kuwasha gari lolote, tikisa mpini uhakikishe ni nyutro, kwa sababu lisilo na kizuizi cha klachi likiwashwa kwenye gia litaruka mbele.

Unapolipeleka kwa fundi

Usimwambie "klachi imekufa." Mwambie unachokisikia na lini: gari likiwa baridi au limepata moto, gia ipi, mguu ukiwa juu au chini, mlimani au tambarare, lilianza siku gani. Kisha omba apande nawe aendeshe mwenyewe kabla hajafungua nati hata moja. Fundi anayekubali kuagiza vifaa bila kuliendesha gari, mtafute mwingine.